Isale la Uongo

Mzee Remigius aliyataka mwenyewe. Hakuna aliyemtuma aitoe televisheni sebuleni, aipandishe juu ya meza barazani na kuwaita majirani wote wa upande wa juu na wa chini waje kumwona mkwe wake mtarajiwa.

"Kaeni, kaeni," alikuwa akisema, kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, mkononi. "Leo mchezo unaonyeshwa wote, mwanzo mpaka mwisho. Leo Inspekta anamkamata muuaji. Na mtaona, atakayemsaidia kumkamata ni kijana wetu."

Kila mtu aliamini hivyo. Kwa miaka mitatu Kibosho nzima ilikuwa ikimjua Valerian kama Daktari Fadhili, yule daktari wa kwenye televisheni anayewatibu maskini bure na kulia nao wakifiwa. Akionekana sokoni Moshi, wanawake walikuwa wakimwonyesha miguu iliyovimba. Bibi mmoja wa Rau aliwahi kumletea mkojo kwenye chupa ya soda, akamwambia asiogope, ni wa asubuhi ile ile. Mke wa Mzee Remigius alikuwa na kalenda yenye picha ya Valerian, koti jeupe mwilini na kipimo shingoni. Aliitundika kando ya picha ya Moyo Mtakatifu, tena juu kidogo.

Mektrida, binti aliyekuwa akiposwa, alikaa nyuma karibu na mlango, mikono mapajani. Jumapili ya wiki ile ndugu zake Valerian walikuwa wapande kutoka Sanya Juu na pombe ya kuposa. Mama alikuwa ameshaazima vikombe. Na huu mchezo mpya wa upelelezi ulikuwa umechezwa huku huku mlimani, miongoni mwa migomba na kahawa. Kila alipomwuliza Valerian amepewa nafasi gani, Valerian alitabasamu na kusema, "Utaona."

Akaona.

Kwenye kioo, Valerian alikuwa jirani mwema wa mzee mmoja tajiri waliyegombana naye. Akaja nyumbani kwa mzee yule jioni, amevaa koti la kahawia, mkononi ameshika isale.

Barazani watu walinyamaza, hata watoto. Isale si ua la kupambia meza. Ndilo linalopandwa mpakani na makaburini, na Mchagga aliyekosa akija kwako na jani la isale lililofungwa fundo, humfukuzi. Hata kama amekuulia ng'ombe, utalipokea na yataishia hapo.

Valerian alipiga magoti. Akalia. Yule mzee wa kwenye mchezo akalipokea jani, akamwinua, akaagiza mbege. Valerian akatangulia kunywa kama desturi inavyotaka, ili mwenzake aone haina kitu. Kisha akamkabidhi kata. Na pale ndipo picha ilipomsogelea mkononi, wote wakaona kidole gumba kikizama ndani ya pombe, ukucha tu, kidogo tu, halafu kikatoka.

Mzee akanywa akiwa anacheka. Hakumaliza kucheka.

Barazani Mzee Remigius aliitazama kata iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka chini polepole kama mtu anayeweka yai. Wengine nao wakaziweka za kwao.

"Remigius," akasema Thadeus, jirani wa upande wa juu ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, "huyo mkwe wako Jumapili atakuja na pombe ya ndizi zipi?"

Watu wachache wakacheka. Wengi waliaga haraka, na kwa mara ya kwanza tangu Mektrida azaliwe, mbege ilibaki kwenye chungu cha baba yake na wageni wakiondoka na kiu.

"Yule mtu," alisema Mzee Remigius wageni walipokwisha, "asikanyage hapa."

"Baba, ule ni mchezo tu."

"Kuua ni mchezo. Kila siku wanauana humo. Hilo la kuua sijalisema." Aliizima televisheni kwa kidole kimoja, kama anayeogopa kuungua. "Isale lilikuwa la kweli. Nimeliona kwa macho yangu. Amelishika isale la kweli, akapiga magoti, akadanganya. Siku akimkosea mwanangu, atakuja kwangu na nini?"

Mama alipanda kwenye kiti, akaishusha kalenda.

Mektrida hakulala vizuri. Baba alikuwa na hasira na jambo alilolijua. Yeye alikuwa na jambo ambalo baba hakulijua.

*

Kesho yake alishuka mjini kazini kama kawaida. Alikuwa na cherehani yake kwenye chumba kidogo upande wa Mawenzi, pamoja na rafiki yake Stella. Stella alikuwa anashona suruali na kusema watu, na vyote viwili alivifanya vizuri.

Kabla ya saa sita Valerian akatokea mlangoni. Amevuta kofia mpaka kwenye nyusi, mikono mfukoni. Nje, mama muuza parachichi alikuwa akimfokea, "Nenda zako! Kwangu hununui! Yule mzee wa watu alikukosea nini hata ukamuua?"

"Mektrida," alisema Stella bila kuinua macho, "una mteja. Mwambie kwanza aweke mikono juu tumwone kucha."

Valerian alijaribu kucheka, kicheko kikamfia njiani. "Habari za kazi, Stella."

"Za kazi nzuri. Za kuishi ndiyo tunaangalia." Stella akachukua sweta lake. "Naenda kununua uzi. Nitachelewa kidogo. Mkipigana, msimwage mafuta ya mashine."

Wakabaki wawili. Mektrida aliendelea kushona, ingawa sindano ilikuwa haina uzi. Harufu ya Valerian ilimfikia, ile ya sabuni na mvuke wa kahawa, na akaichukia pua yake kwa kuifurahia.

"Lile koti la kahawia nililishona mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikupima kifua, umesimama hapo hapo. Nikakuuliza, mtu huyu wa kwenye mchezo ni mtu gani, ili nijue nimshonee vipi. Ukaniambia ni mtu mwema."

"Nilikatazwa kusema, Mektrida. Mwongozaji alisema ikivuja kwa mtu mmoja tu, mchezo umekufa. Alinifuata Dar es Salaam kwa ajili hiyo hiyo. Wabaya anao wengi, wamejaa wenye makovu na sauti nzito. Akaniambia, 'Watazamaji watamshuku kila mtu isipokuwa wewe. Nataka wampoteze Daktari Fadhili, waumie.' Kwa mwigizaji hiyo ni bahati. Nimechoka kuvaa koti jeupe. Nimechoka kuonyeshwa miguu."

"Na mimi ni mtazamaji?"

Valerian aliangalia viatu vyake.

"Nakuuliza. Mimi nami nilitakiwa niumie, nimekaa na baba yangu na wageni wake?"

"Hapana."

"Na isale?" Alishusha sauti, ingawa Stella hakuwepo. "Ulikuja nyumbani, ukaniambia unataka jani moja la kwenye mchezo, la watu wanaopatana. Nililikata mimi mwenyewe, Valerian. Mpakani kwa baba. Nikalifunga na fundo, kwa sababu wewe mtoto wa Sanya Juu hata fundo ulikuwa umelisahau."

Valerian alivuta kigoda akakaa, magoti yakamjia karibu na kidevu. "Kwenye maandishi ilikuwa mbuzi," alisema. "Niende kwa yule mzee na zawadi ya mbuzi. Mimi ndiye niliyesema mbuzi haitoshi. Nikawaambia, huku kwetu mtu akija na isale huna namna ya kumkataa. Wakafurahi, wakanipigia makofi. Nikajiona fundi. Sikuwaza kwamba kuna wazee watakaoangalia." Aliinua uso. "Niliwaza kila kitu isipokuwa baba yako."

Kama angejitetea, Mektrida angemfukuza. Lakini hakujitetea, na hilo likamzidishia uchungu, kwa sababu swali alilokuwa nalo tangu jana lilikuwa halijatoka.

"Ulilia," alisema. "Mbele ya yule mzee. Jicho la kushoto likatangulia, halafu ukauma mdomo. Mimi nalijua chozi hilo. Ulilia hivyo hivyo kule msituni Rau, siku uliyoniambia unanipenda, mvua ikatukuta chini ya mti na viatu mkononi. Nimelibeba chozi lile mwaka mzima. Sasa niambie. Kati ya yale mawili, la kweli lilikuwa lipi?"

"Langu kwako lilikuwa la kweli."

"Hata kwa yule mzee ulisema hivyo hivyo. Sauti ile ile."

Mtu aliyeweza kuwaliza watu wa nchi nzima kila Alhamisi jioni alikosa neno moja la kumpa mwanamke mmoja kwenye chumba cha cherehani.

"Jumapili nije au nisije?" aliuliza mwishowe.

"Baba amesema usikanyage."

"Nimekuuliza wewe."

Mektrida akakanyaga mashine. Ikalia, ikalia, ikitoboa kitambaa bila kushona kitu. Alipoacha, Valerian alikuwa amesimama mlangoni na mkono mmoja kwenye fremu. Ndipo alipoviona vidole vyake. Alikuwa amezikata kucha zote mpaka kwenye nyama. Kidole gumba kilikuwa na damu iliyokauka.

Alitaka kumwita. Jina lilimfika mpaka kwenye meno. Akaliacha likae hapo, na Valerian akavuka barabara huku yule mama wa parachichi akimsindikiza na maneno.

*

Jumapili, misa ilipokwisha, hakuna gari lililopanda kutoka Sanya Juu. Mama alivifunika vikombe vya kuazima kwa kitambaa, asivione. Mzee Remigius alikaa barazani na suti yake ya kanisani, ila chini amevaa mabuti ya mpira, kwa sababu viatu vya kanisani vilikuwa vinambana na siku ile hakutegemea mgeni.

Jua la mwezi wa pili lilikuwa kali. Majani ya migomba yalikuwa yamejikunja, na vumbi lilikuwa limefika mpaka Kibosho, mahali ambapo vumbi ni mgeni.

Valerian akaja kwa miguu. Peke yake. Hana mjomba, hana pombe, hana hata kofia. Fulana yake ilikuwa imelowa jasho mgongoni.

Mektrida alikuwa jikoni na mama yake. Mwiko ulimtoka mkononi.

"Tulia," mama alinong'ona, naye akiwa ameshachungulia. "Mungu wangu, amekonda! Siku chache tu!"

"Shikamoo, baba," alisema Valerian kutoka uani.

Mzee Remigius hakuitikia. Alimtazama mikono. "Hukuja na isale," alisema. "Mkosaji huja na isale."

"Langu nimeshalitumia, baba."

Mzee aligeuza kichwa kidogo, kama aliyesikia kitu asichokitarajia. "Haya. Sema ulichokuja kusema."

Valerian akaanza. "Mimi… nimekuja kwa sababu… Ile siku, yaani kabla ya ile siku…" Akajaribu tena, akaanzia katikati, akapotea. Masikio yalimwiva.

"Mbona kwenye televisheni ulisema vizuri?" aliuliza mzee. "Ulisema mpaka nikataka kukusamehe mimi."

"Kule niliandikiwa, baba."

Jikoni mama alijiziba mdomo kwa kanga. Mzee Remigius alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi, kisha uso ukarudi kuwa mgumu.

"Nina swali moja. Mwezi wa tisa nilikuta isale langu la mpakani limekatwa. Nikadhani ni mbuzi wa Thadeus, nikagombana naye mwezi mzima. Juzi nimekwenda kuangalia tena. Limekatwa kwa kisu. Mbuzi hana kisu. Lile jani la kwenye mchezo lilitoka kwangu?"

"Ndiyo, baba."

"Nani alilikata?"

Jikoni, Mektrida alisogea mlangoni. Yeye ndiye binti aliyekata isale la mpaka wa baba yake na kumpa mwanamume, na lile jani likaenda kutumika kwa uongo mbele ya nchi nzima. Baba asingempiga. Angenyamaza naye, na ukimya wa Mzee Remigius ulikuwa unaweza kuvuka Krismasi mbili.

"Mimi," alisema Valerian. "Nililikata mimi. Niliingia… asubuhi. Peke yangu. Hakuna aliyeniona. Na kisu. Kisu changu."

Mektrida alimtazama kupitia ufa wa mlango. Valerian alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Sauti ilikuwa imepanda juu kama ya kijana anayebalehe. Mkono mmoja ulikuwa unakuna shingo, mwingine umeshika suruali kana kwamba itaanguka. Hata kuku wa pale uani asingemwamini.

Ndipo kitu kilipomfunguka Mektrida kifuani. Alikuwa amemwona akidanganya kwenye kioo, laini kama siagi, kwa sababu maneno hayakuwa yake na mtu aliyekuwa anamdanganya hakuwa wake. Sasa alikuwa anamwona akidanganya kwa moyo wake mwenyewe, kwa ajili yake, na uongo mdogo wa kawaida ulikuwa umemshinda kabisa. Kule Rau hakujikuna shingo. Sauti haikupanda. Alimtazama machoni na mvua ikiwanyeshea.

Akaufungua mlango.

"Anadanganya, baba," alisema. "Nililikata mimi. Kwa kisu cha jikoni. Fundo nililifunga mimi. Aliniambia ni la watu wanaopatana, nami sikukuomba ruhusa."

"Mektrida…" alisema Valerian.

"Nyamaza. Unadanganya vibaya, unanitia aibu."

Mzee Remigius alimtazama binti yake, akamtazama Valerian, akamrudia binti. Kuku wakaona hakuna jambo, wakaendelea kuchakura.

"Mama Rogath!" alimwita mkewe mwishowe, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Abee!" Mama alitokea haraka mno kwa mtu aliyekuwa anapika.

"Umemsikia huyu muuaji wa nchi nzima?"

"Nimemsikia."

"Asipoandikiwa, hawezi."

"Hawezi kabisa, baba Rogath. Maskini wa Mungu."

Mzee alisimama, akapita katikati yao na mabuti yake, akaelekea mpakani. Hakuwaambia wamfuate, nao wakamfuata. Pale jani lilipokatwa palikuwa na pengo kwenye mstari, kama jino lililong'oka.

"Jani haliwezi kuota," alimwambia Valerian. "Wewe ulichukua jani kwa sababu ulitaka kitu cha kuonyesha. Kata shina. Lile pale. Lipande hapa pengoni kwa mikono yako. Likishika, ndugu zako walete pombe, nami nitakunywa wa kwanza mbele ya Thadeus na ulimi wake. Likikauka, tutasalimiana kanisani."

"Mzee wewe," alisema mama, "mwezi huu wa jua?"

"Nimesema ni rahisi?"

Valerian alipiga magoti. Hakukuwa na taa wala mtu wa kumwambia alie. Alichimba kwa mikono yake, na vidole vile visivyo na kucha vilipogusa udongo mkavu alikunja uso. Mektrida akachuchumaa karibu, akamsaidia kulishika shina lisimame. Mikono yao ikakutana ndani ya shimo, ikakaa pale zaidi ya ilivyohitajika.

"Kule Rau," alinong'ona Valerian.

"Najua," alisema Mektrida. "Fukia."

"Mtazame," mzee alimwambia mkewe. "Anashika mche kama anampima mgonjwa homa."

*

Siku zilizofuata jua halikuona huruma. Kila siku alfajiri, kabla ya kushuka mjini, Mektrida alichota maji kwa kopo la rangi kwenye mfereji na kwenda mpakani.

Siku ya kwanza alimwagia. Siku ya pili alifika akakuta udongo umeshalowa. Akadhani ni umande, lakini umande wa mwezi wa pili haufiki hata kwenye kifundo. Ikawa vile vile mpaka wiki ya pili, maji yamejaa mpaka shimo linang'aa, na asubuhi moja pembeni kwenye tope kulikuwa na alama za mabuti makubwa ya mpira, la kushoto limepasuka kisigino.

Alisimama pale na kopo lake mpaka jua lilipoigusa theluji kule juu. Kwenye ncha ya shina, katikati kabisa, kulikuwa na kijani kipya, chembamba, kimekunjwa kama barua ambayo haijafunguliwa.

Aliporudi, Mzee Remigius alikuwa barazani anakunywa chai.

"Umetoka wapi na baridi hii?"

"Kuangalia ng'ombe, baba."

"Wanasemaje?"

Mektrida aliyatazama mabuti ya baba yake. Yalikuwa yamelowa mpaka kwenye magoti, na tope la kisigino lilikuwa bado bichi. Mzee aliivuta miguu taratibu, akaificha chini ya kiti.

"Wameshakunywa, baba," alisema Mektrida.

"Vizuri," alisema Mzee Remigius, na kuanza kuipuliza chai iliyokuwa imepoa zamani. "Mwambie mama yako vikombe vya watu asivirudishe kwanza."